Iowa: kaunti inayohamwa na kaunti inayozeeka

Mkuu, umeuliza kama ni kweli watu wa Iowa wanakimbia mashamba, maana sensa ya 2020 ilikuta kaunti 68 kati ya 99 zimepungua watu tangu 2010, huku jimbo lenyewe likiongezeka hadi watu 3,190,369. Kupungua si lazima iwe kuhamwa. Kaunti iliyojaa wazee hupungua hata kama hakuna aliyefunga virago, kwa kuwa vifo vinazidi vizazi.

Kwa hiyo anza na hesabu hii. Tuseme kaunti imepungua watu 300, vizazi 500, vifo 700. Vifo vimekula 200. Pengo la 100 linalobaki ndilo tofauti ya waliohama na waliohamia. Hao nao wagawe: wa ndani ya Marekani na wa kutoka nje. Ofisi ya Sensa huzitoa safu zote hizo kila mwaka. Ila usichanganye matoleo. Kila toleo jipya hurekebisha miaka ya nyuma mpaka kwenye sensa ya mwisho, kwa hiyo ukichukua 2021 ya toleo hili na 2023 ya toleo lile, utapata wahamaji ambao hawakuwahi kuwapo.

Safu ya ndani na ya nje huwachanganya wengi. Mkongo aliyepokelewa kwanza Arizona, kisha akaja Iowa kufuata kazi ya kiwanda cha nyama, ni mhamiaji wa ndani. Jirani yake aliyeletwa Des Moines, mji mkuu wa jimbo, moja kwa moja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ni wa nje. Kiswahili kimoja, korido moja, safu mbili.

Kujua nani katoka kaunti ipi kwenda ipi, tumia takwimu za mamlaka ya kodi, IRS. Wao hulinganisha anwani za ritani (fomu za kodi za kila mwaka) za mwaka huu na za mwaka uliopita: idadi ya ritani ichukulie kama kaya, idadi ya walioorodheshwa ndani yake kama watu. Mkondo usiofika ritani 20 hautajwi peke yake, unatupwa kwenye kapu la “kwingineko”. Kwa kaunti kama Adams, yenye watu 3,704, karibu kila kitu kinaishia kapuni humo.

Kasoro kubwa zaidi ni vijana. Binti wa miaka 18 aliyekwenda chuo Ames bado yuko kwenye ritani ya wazazi wake, hivyo IRS haimwoni akiondoka. Akianza kujaza ya kwake, takwimu za kabla ya 2011 zilimpoteza tena, kwa kuwa hakuwa na ya mwaka uliopita ya kulinganishwa nayo; za baada ya hapo humlinganisha na ritani ya wazazi, kwa hiyo huonekana akiwa amechelewa. Na huyo ndiye mhamaji wa kawaida kabisa wa kaunti za mashambani! Mtafute kwa umri: chukua waliokuwa na miaka 10–14 mwaka 2010, uwalinganishe na wa miaka 20–24 mwaka 2020. Kaunti ya Story, ilipo Ames, itavimba. Hiyo ni wanafunzi, si neema ya uchumi.

Kaunti ya Dallas, hapohapo Iowa, imetoka watu 66,135 hadi 99,678 katika miaka hiyo kumi, na wengi walivuka tu mpaka kutoka kaunti ya Polk, yaani upande wa Des Moines, wakajenga katika mji wa Waukee. Lakini mji wa Perry uko kaunti hiyohiyo, na mwaka 2024 kampuni ya nyama ya Tyson ilifunga kiwanda chake cha nguruwe pale, ajira kama 1,300 zikaondoka. Kwa Dallas, basi, shuka hadi ngazi ya mji. Wastani wa kaunti utakuonyesha Waukee tu.