Kuomba Kazi ya Kidato cha Nne Ukiwa na Shahada

Tangazo lataka mtu wa mapokezi: kidato cha nne na ujuzi kidogo wa kompyuta. Wewe una shahada, pengine na ya pili juu yake. Ukizipeleka karatasi zote kama zilivyo kwenye hoteli ya Malindi, usishangae simu isipolia. Meneja hajaidharau elimu yako, amepiga hesabu tu. Akikufundisha Juni, Agosti wageni wamejaa utapata kazi Nairobi umwache mkono mtupu. Kuna na hofu nyingine isiyosemwa: je, utakubali kuelekezwa na msimamizi mwenye cheti tu?

Basi barua ijibu hayo mawili. "Niko tayari kufanya kazi yoyote" husomeka kama maneno ya mpita njia. Andika hivi: "Naishi Muyeye, shifti ya usiku naiweza, na nitakuwepo Agosti na tena Desemba hadi Machi." Kama huwezi kuitimiza ahadi hiyo, usiitoe. Mji ni mdogo na mameneja hupigiana simu.

CV iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa weka yale ambayo kazi inayataka: kupokea pesa taslimu na M-Pesa, kufunga hesabu ya siku, kupanga vyumba, lugha. Kiitaliano, hata cha kumuulizia mgeni kama amelala vyema, Malindi kina uzito kuliko shahada ya pili. Elimu ishuke chini, mstari mmoja. Shahada ya pili uliyoisoma huku ukifanya kazi unaweza kuiacha nje. Ya kwanza usiiguse, maana ukiifuta panabaki pengo la miaka minne, na mwenye macho ataliuliza. Lakini fomu ikitaka kiwango cha juu cha elimu, jaza ukweli wote. Kwa warejelewa, yaani watu wa kuulizwa habari zako, mtoe mhadhiri mmoja, umtie mtu aliyewahi kukusimamia kazini, hata kama kilikuwa kibarua cha duka.

Swali la mshahara ndilo huwaangusha wengi. Ukisema "wowote" unaonekana una shida ya mwezi mmoja. Ukitaja kiwango cha shahada umejifungia mlango. Uliza: "Nafasi hii mmeipangia kiasi gani?" Ukiridhika, kubali bila kuitaja shahada tena. Meneja akisitasita kukuajiri, mkumbushe kwamba kuna kipindi cha majaribio. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaruhusu hadi miezi sita, na ndani yake yeyote kati yenu anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba. Hatari yake hapo hupungua sana. Yaandikwe mkatabani, lakini.

Masika hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, kwa hiyo peleka barua kabla ya kufunguliwa tena, si wakati wageni wameshajaa. Lamu ni tofauti kidogo: nyumba nyingi za wageni ni ndogo, na mwenyewe ndiye meneja. Nenda kwa miguu yako, karatasi mkononi, mwendo wa saa nne asubuhi staftahi ikishaondolewa. Salimia kila uliyemkuta barazani kabla ya kumuulizia mwenye nyumba. Na Ijumaa adhuhuri usiende, hutamkuta mtu.