Kupunguza maduka ya pombe kwa kanuni za mipango miji: kazi iko kwenye maduka yaliyopo tayari

Mkuu, umeuliza kama jiji linaweza kupunguza maduka ya pombe kwa kanuni za matumizi ya ardhi, bila kugusa leseni. Linaweza, na miji ya Marekani imefanya hivyo. Ila tenganisha duka litakalofunguliwa kesho na lile lililopo. La kwanza ni jepesi. La pili ndilo linalowapeleka watu mahakamani.

Kwa maduka mapya, yakataze kwenye kanda za makazi, na kwenye kanda za biashara yaombe kibali chenye masharti. Kisha weka umbali wa chini kati ya duka na duka. Jiji la Baltimore, jimbo la Maryland, liliweka futi 300, kama mita 91. Kanuni iseme umbali unapimwaje: mpaka wa kiwanja hadi mpaka wa kiwanja, mstari mnyoofu. Ukinyamaza, mwombaji atapima mlango kwa mlango akizunguka na njia ya miguu, na futi 300 zitapatikana. Halafu, kabla rasimu haijatoka hadharani, pitisha zuio la muda kwa maombi mapya. Habari ikivuja, watu hukimbilia vibali, na atakayewahi utamkuta kwenye kundi gumu la maduka yaliyopo.

Kundi hilo ndilo linaloamua kama sheria ina meno. Kanuni za Baltimore za 1971 zilikwisha kuyaona maduka ya pombe ya kanda za makazi kuwa hayaendani na eneo, lakini hazikuyapa tarehe ya mwisho. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado yalikuwepo, yapata 100. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Juni 2017 ziliyapa miaka miwili: hamia kanda inayoruhusu, badilisha biashara, au funga. Muda huo wa mpito ndio kinga yako kisheria, kwa sababu mwenye duka atadai umemnyang'anya mali. Mpe nafasi ya kurudisha mtaji wake na kuuza leseni.

Oakland, jiji la California, ilipita njia nyingine mwaka 1993. Haikuyafunga maduka ya zamani. Iliyahesabu kuwa yamekubaliwa, mradi yatimize viwango: pasiwe na ulevi barabarani, uuzaji wa dawa za kulevya, kamari au kelele kwenye eneo lake. Kila duka hulipa ada ya mwaka, na ada hiyo ndiyo inayogharimia ukaguzi. Anayekiuka huitwa kwenye shauri, huongezewa masharti, na akizidi hupoteza haki ya kuendesha biashara pale. Kule California leseni ya pombe iko mikononi mwa jimbo, kwa hiyo jiji lilishughulikia kero na matumizi ya ardhi tu. Mahakama ya rufaa ilikubali hoja hiyo mwaka 1996. Binafsi ningeanza na njia hii pale ambapo jiji halina fedha za kesi ndefu, ingawa haipunguzi idadi haraka.

Sasa tundu ambalo wengi hulisahau: tafsiri ya baa. Duka likiambiwa lifunge, litaweka viti vinne na kujiita baa, huku chupa zikiendelea kutoka dirishani. Baltimore iliziba kwa kigezo cha mauzo: baa lazima zaidi ya nusu ya mapato yake yatokane na vinywaji na chakula vinavyotumiwa palepale. Kigezo bila hesabu za mauzo zinazokaguliwa ni maandishi tu, kwa hiyo andika kabisa nani anazidai na mara ngapi kwa mwaka.

Ongeza na kifungu cha kukoma: duka la zamani likifungwa miezi 12 mfululizo, haki yake inaisha, hata likipata mnunuzi. Zuia pia kupanua jengo.

Ushahidi wa afya uuandae mapema. Baltimore ilikuwa na tathmini ya athari za kiafya iliyofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wewe unahitaji angalau ramani moja yenye maduka na matukio ya vurugu, eneo kwa eneo, ikitenganisha pombe ya kuondoka nayo na ya kunywea ndani, na ikizingatia idadi ya watu na umaskini wa eneo. Usipozingatia hayo mawili, wakili wa upande wa pili ataibomoa ramani yako kwa swali moja.