Nyonga bandia yenye shina fupi lisilo na saruji: itadumu?

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 54 akubali shina fupi lisilo na saruji, yaani kipande cha nyonga bandia kinachoingizwa ndani ya fupa la paja bila saruji ya mifupa (gundi ya kukishikilia). Mfupa wake ukiwa imara, ni chaguo zuri. Shina hilo, kwa kawaida chini ya sentimita 12, hukaa sehemu ya juu ya fupa la paja na kuacha mfupa mwingi chini, akiba muhimu sana ikibidi kubadilishwa miaka ya baadaye.

Hatari kubwa iko mwanzoni. Shina hugongwa mpaka libane. Mfupa dhaifu unaweza kupasuka palepale mezani, au shina likakaa upande, au likadidimia kabla mfupa haujaota na kulishika, kazi ya wiki 6 hadi 12. Likishuka milimita 1 au 2 kisha likatulia, si neno. Likiendelea kushuka, paja huuma akikanyaga na mguu huwa mfupi. Kwa hiyo eksirei za baada ya upasuaji, wiki ya 6 na mwaka 1 zilinganishwe.

Mwulizeni daktari kama amepima uimara wa mfupa. Ukiwa umedhoofika, saruji ni salama zaidi. Tafadhali msiikatae eti ni ya kizamani.