Re: Seva ya 2022 ilidukuliwa ama ni porojo?

Sasa ndugu, kama nimekuelewa unauliza hizo skrinishoti za logi (rekodi za nani ameingia kwa mfumo) zinazozunguka WhatsApp eti mtu aliingia kwa seva ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, 2022 akabadilisha kura za urais, utajuaje kama ni kweli.

Anza na fomu 34A, seva achana nayo kwanza. Kura zinahesabiwa kituoni kwa mkono, matokeo yanaandikwa kwa hiyo fomu, mawakala wa wagombea wanasaini na kupewa nakala, nyingine inabandikwa mlangoni, ndio sasa inapigwa picha na kutumwa kwa kutumia KIEMS, ile mashine ya tume iliyo kituoni. Mimi nimekuwa wakala, hiyo nakala nilitoka nayo nikaenda kulinganisha na picha ya kwa portal ya IEBC ya matokeo, namba kwa namba, mpaka kura zilizokataliwa. Kwa hivyo anayesema zilibadilishwa mwulize kituo gani, na nakala ya wakala iko wapi, wengi hapo wananyamaza au wanakublock lol.

Pia soma uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 5 Septemba 2022. Fomu zilikaguliwa, na majaji wakasema hakuna ushahidi wa maana kwamba mtu aliingilia mfumo kubadilisha 34A. Na usiseme majaji huogopa, maana 2017 walifuta uchaguzi wa urais, na moja ya sababu ni tume kukataa kufungua seva vile iliamriwa.

Skrinishoti peke yake mtu anaweza kuitengeneza kwa simu. Iko na kituo gani hiyo yako?