Mume wangu anataka kuingia opera na darubini ya mbugani

SWALI: Shikamoo mama. Binti yetu ametukatia tiketi za opera London, ukumbi wa Coliseum, viti vya juu kabisa. Mume wangu aliwahi kuongoza watalii Serengeti na bado anayo darubini yake, imeandikwa 10x42. Anasema kama ilimwona chui mtini, mwimbaji haiwezi kumkosa. Mimi nimeona dukani vidarubini vya rangi ya dhahabu vyenye cheni, vinapendeza. Tuchukue ipi? Navaa miwani ya kuonea mbali. – Mama wa Reading

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha watu viti katika ukumbi mmoja hapa London, na kina baba wenye darubini za mbugani nimewapitisha wengi. Wimbo wa kwanza hauishi, mkono umeshashuka.

Soma namba. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Tuseme jukwaa liko mita 30 kutoka mlipokaa. Ya mzee inamleta mwimbaji mpaka mita 3: mtaona jino lake lililozibwa, lakini anayemnyemelea na kisu hamtamwona, maana kwa umbali huo darubini ya namna hiyo hushika kipande cha jukwaa chenye upana wa mita tatu hivi. Na mkono ukitetemeka kidogo, mtetemo nao unakuzwa mara kumi. Chui hulala tawini saa nzima. Watu wa opera hawatulii.

Nunua 3x25. Zile mita 30 zinakuwa kama 10, uso unauona vizuri na waliomzunguka pia unawaona. Muuzaji atakuonyesha ya mfukoni ya 10x25, atakwambia ndiyo yenye nguvu. Mwache nayo. Gawa 25 kwa 10, unapata 2.5: huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaofika kwenye jicho, wakati gizani mboni hufunguka kuliko hapo. Onyesho likihamia usiku utaona weusi mtupu. Gawa 25 kwa 3, unapata 8 na ushei, jicho linashiba.

Dhahabu sina ugomvi nayo. Cheni ndiyo siitaki: hugonga chuma pale mwimbaji anapovuta pumzi, na safu nzima inakugeukia. Dukani usiangalie ukuta wa jirani, toka mlangoni uangalie ukingo wa paa la mbali. Ukiona mapaa mawili, au macho yakaanza kuvutana, lenzi zimekaa upande, rudisha. Kisha inamisha kioo chini ya taa. Taa ikijirudisha nyeupe kama kwenye kioo cha dirisha, lenzi haikupakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Ikiwa ya zambarau au kijani, imepakwa. Zile kuukuu za Kifaransa zenye ganda la chaza, za minadani, ni nzuri kabatini. Nyingi zina ukungu ndani usiofutika.

Miwani: kwa anayeona karibu tu, gurudumu la katikati kwa kawaida linatosha kusahihisha ukiivua. Lakini kama una astigmatizimu, yaani jicho halikupinda sawasawa pande zote, baki nayo usoni. Utapoteza kidogo pembeni, basi. Jaribu namna zote mbili kabla ya kulipa. Miwani utaihitaji hata hivyo, kwani Coliseum huimba kwa Kiingereza na bado maneno hurushwa juu ya jukwaa, na huwezi kuyasoma huku umegandisha darubini usoni. Inua anapoimba peke yake, shusha kwaya ikiingia.

Kumbi kongwe kadhaa za London zina vidarubini mgongoni mwa kiti cha mbele, unatia sarafu kinachomoka. Vinasaidia, ila beba kitambaa, maana vidole vya mji mzima vimepita hapo.

Nunueni mbili. Moja ikizunguka kati yenu, kila mmoja atakuwa anazungusha gurudumu upya na mtoto wa watu ameshakufa jukwaani. Mzee akishikilia lazima 10x42 yake iende, iende, lakini ikae begini mpaka mapumziko. Ukumbi ule ni wa 1904 na mapambo yake ya juu ni makubwa; aangalie dari mpaka kengele ilie.