Kijana wa Mafinga asipewe uadmini wote

Dada, umeuliza kama kijana wa tawi la Mafinga anaweza kuona arifa za virusi kwenye programu ya antivirus bila kupewa uadmini wote, yaani mamlaka ya kusimamia mfumo mzima. Anaweza. Kwenye programu hiyo, unda jukumu jipya (fungu la ruhusa anazopewa mtumiaji) lisilo na ruhusa yoyote, kisha weka tiki mbili tu: kuona arifa na kuskani kompyuta. Ruhusa ya kuchagua mafaili yasiyoskaniwa usimpe kabisa, maana virusi hupitia hapo hapo. Mfungie kwenye kundi la mashine za Mafinga, za Mbeya asizione. Hata Microsoft wanashauri maadmini wakuu wa Entra, mfumo wao wa kusimamia akaunti na ruhusa za watumiaji, wawe chini ya 5. Sisi ofisi ya Iringa tulikuwa maadmini wakuu wote. Mwenzetu akazima ulinzi wa ofisi nzima akihangaikia printa moja. Ukimaliza, ingia kwa akaunti ya majaribio yenye jukumu hilo, uhakikishe kitufe cha kuzima ulinzi hakibonyezeki.