Kwa mwanangu, kuhusu bampa iliyobonyea

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na nimemshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Waniuliza kama ni vyema umpe fundi wa nje aunyooshe ubonyeo wa bampa kimya kimya, kabla hujarudisha gari la watu ulilolikodi. Nami nakuuliza: siku ulipolichukua, ulilizunguka?

Mama yako anajua ninakoelekea. Ni safari ile ya harusi ya shangazi yako, ulipolala kiti cha nyuma njia nzima. Jioni ya kulichukua gari nililolikodi mvua ilikuwa ikinyesha, karani wa wenye gari akanipa fomu yenye mchoro wa gari, nami nikatia sahihi kwamba halina dosari, kwa sababu niliona haya kumsimamisha mtu mvuani. Siku tatu baadaye, nilipolirudisha, alichuchumaa penye mlango wa nyuma wa kushoto, akaweka kidole juu ya mkwaruzo usiozidi urefu wa kidole hicho. Kingo zake zilikuwa zimekwisha kushika kutu. Nilimwonyesha kutu ile, ambayo haikuwa ya siku tatu. Yeye akanionyesha sahihi yangu. Nikalipa.

Ndiyo maana nasema kila mara kwamba gari la mwenzio huzungukwa kabla ya kuwashwa, likapigwa picha pande zote, pamoja na matairi, kioo cha mbele na paa, sehemu ambazo kinga nyingi za uharibifu zinazouzwa na wenye magari huziacha nje.

Ama kuhusu fundi, soma mkataba wako kwanza. Mikataba mingi hukataza kutengeneza gari bila idhini ya wenyewe, na ukikiuka unaweza kupoteza kinga ya bima, ukabeba gharama zote badala ya ile sehemu ya kwanza tu, ambayo aliyekodi hulipa mwenyewe hata akiwa na bima. Wakikudai, omba ankara ya gereji na picha za kabla na baada. Wakitoza na siku ambazo gari lilikaa bila kukodishwa, wakuthibitishie siku hizo. Wala usitumbukize funguo usiku katika kisanduku cha ofisi yao ukaondoka, kwa kuwa mara nyingi jukumu la gari hubaki kwako mpaka walikague.

Najua utasema, "Baba, wewe ulisema kweli na bado ulilipa." Ni kweli, na limeniuma miaka yote hii. Lakini yule karani hakusema uongo, alisoma kilichoandikwa. Hapana, kutu aliiona pia, na angeweza kuiandika. Sijui nimlaumu nani zaidi, yeye au kalamu yangu.

Nilikusudia nisikuamulie, maana jina lililo kwenye mkataba ni lako, na naona tabu kujizuia. Kabla hujampigia mtu yeyote simu, fundi au wenye gari, nitumie picha ya ile fomu uliyotia sahihi. Nataka kuona walichora nini penye bampa.

Baba yako